Mto Mackenzie hausomeki kwa kipimajoto peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongezee, na mahali pengine nirekebishe, makala yenu kuhusu mafuriko ya mto Mackenzie, kaskazini mwa Kanada. Picha zilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba kila kitu kilibebeshwa sababu moja: joto limezidi, barafu inayeyuka, mto unafurika. Kwamba joto limezidi huko hakuna ubishi. Lakini mafuriko ya kijiji cha Fort Simpson ya Mei 2021, matope yanayoshuka mto Peel unaoingia Mackenzie, na ukavu uliokwamisha matishari mwaka 2024 ni mambo matatu tofauti. Huwezi kuyatenganisha usipoanza na miamba, mteremko na upande ambao maji yanaelekea.

Tuweke vipimo sawa kwanza. Jina Mackenzie huanzia pale maji yanapotoka Ziwa Great Slave na huishia Bahari ya Beaufort, umbali wa kilomita 1,738 hivi. Zile kilomita 4,241 zinazotajwa mara nyingi ni urefu wa mfumo mzima, ukihesabu kuanzia mto Finlay kule British Columbia, kupitia mto Peace, kisha Slave. Namba zote mbili ni halali. Kosa ni kuchukua ya pili na kuipachika kwenye ile sehemu ambayo ramani huiita Mackenzie. Bonde lote lina takriban kilomita za mraba milioni 1.8, karibu sehemu ya tano ya Kanada, na mtiririko wa wastani unakaribia mita za ujazo 10,000 kwa sekunde. Kwenye uwanja wa barafu wa Columbia, katika milima ya Rocky, kuna kilele kiitwacho Snow Dome ambako maji yanaachana njia: mengine huenda Pasifiki, mengine Hudson Bay, na mengine huingia mto Athabasca yakaishia Aktiki kupitia Mackenzie. Wadene, wenyeji wa asili wa huko, huuita mto wao Deh Cho, na waliuita hivyo kabla Alexander Mackenzie hajaushuka mwaka 1789.

Bonde hili limelalia kanda tatu za miamba, na ukizijua hizo umejua nusu ya tabia ya mto. Mashariki kuna Ngao ya Kanada: graniti na miamba geu yenye umri wa mabilioni ya miaka. Ni mwamba mgumu, haunywi maji, haumeng'enyuki upesi. Maji hukaa juu yake katika maelfu ya maziwa na hutoka yakiwa safi. Katikati kuna tambarare ya miamba ya mashapo iliyolala tabaka juu ya tabaka, chokaa na chumvi za enzi kongwe ya Devoni chini, mawe laini ya tope na mchanga ya enzi ya baadaye ya Kretasia juu. Magharibi kuna milima ya Rocky na Mackenzie, ambako tabaka za namna hiyo, pamoja na nyingine kongwe zaidi, zimekunjwa na kusukumwa juu. Huko ndiko mito ina kasi na ndiko matope yanakotoka.

Sasa angalia yalipo maziwa makubwa matatu. Athabasca, Great Slave na Great Bear yamepangana kwenye mpaka wa Ngao na tambarare. Si bahati. Barafu kuu ya Laurentide, iliyofunika sehemu kubwa ya Kanada enzi za barafu, ilipopita hapo ilichimba kwa urahisi miamba laini iliyoegemea miamba migumu, ikaacha mashimo. Shimo la Great Slave ndilo lenye kina kuliko ziwa lolote la Amerika Kaskazini, mita 614, na kina hicho kiko kwenye mkono wake wa mashariki, kandokando ya mpasuko mkubwa wa McDonald. Uso wa ziwa uko mita 156 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko zaidi ya mita 450 chini ya bahari. Miaka ipatayo 10,000 iliyopita maziwa hayo matatu yalikuwa sehemu za ziwa moja, ambalo wanajiolojia huliita Ziwa McConnell. Ardhi iliyokuwa imedidimizwa na uzito wa barafu ilipoanza kuinuka, ziwa likagawanyika.

Barafu hiyo hiyo ndiyo iliyoupa mto njia yake. Kabla ya enzi za barafu, maji mengi ya eneo hili yalikwenda mashariki kuelekea Hudson Bay. Barafu ilipofika magharibi iliziba njia hiyo, maji yakalazimika kufuata ukingo wake kuelekea kaskazini, chini ya milima. Barafu ikaondoka, maji yakabaki na njia mpya. Kwa umri wa kijiolojia, Mackenzie ni mtoto. Ukitaka mzee, panda mto South Nahanni, ulioendelea kukata mwamba kadiri milima ilivyokuwa ikiinuka, ukabaki na mipindo yake ya tambarare ndani ya makorongo yenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Sehemu za bonde la Nahanni hazikufunikwa na barafu ya mwisho, na UNESCO iliiweka hifadhi yake kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978.

Mteremko ni hesabu rahisi ambayo makala iliiruka. Gawanya mita 156 kwa kilomita 1,738, unapata sentimita 9 hivi kwa kila kilomita. Mto mkubwa kiasi hicho unateremka kidogo namna hiyo! Matokeo yake ni kwamba kina cha maji kwenye mafungu ya kokoto hutegemea sana kiasi kinachotoka ziwani. Mwaka 2023 na 2024 ukame kusini mwa bonde ulishusha kimo cha Great Slave, mto ukapungua, na safari za matishari yanayopeleka mafuta na vifaa kutoka bandari ya Hay River kando ya ziwa zikavurugika. Norman Wells, mji ulio chini zaidi mtoni, haikupata tishari mwaka 2024. Manahodha wana sehemu mbili wanazozichunga kuliko nyingine zote, Sans Sault na Ramparts, kwa sababu hapo miamba migumu inakatiza sakafu ya mto na mkondo hauwezi kujichimbia njia ya kina kama unavyofanya kwenye mchanga. Huko Ramparts, karibu na Fort Good Hope, kingo ni kuta za chokaa. Kwa hiyo ukavu wa mto unaweza kuanza kwa mvua iliyokosekana Alberta au British Columbia, mbali kabisa na mahali tishari linapokwama. Anayetazama hali ya hewa ya Norman Wells tu hataona kitu.

Nije kwenye mafuriko, maana ndiyo yaliyopewa nafasi kubwa.

Mto unaokwenda kaskazini huanza kuyeyuka kusini, yaani kichwani kabla ya mdomoni. Mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei theluji ya milima ya kusini inashuka, wakati sehemu za chini bado zimefunikwa na barafu ngumu yenye unene wa mita moja au zaidi. Wimbi la maji linaipenya barafu kwa chini, linaiinua, linaivunja vipande, na vipande hivyo vinasukumwa hadi vikutane na barafu ambayo haijavunjika. Hapo vinarundikana, vingine vinazama na kujikita chini, na mto unazibika. Maji nyuma ya kizuizi yanaweza kupanda mita kadhaa kwa saa chache. Kizuizi kikiachia, wimbi linakwenda chini na kuanza upya mbele. Zoezi hilo hufika kwenye delta mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni.

Fort Simpson iko mahali pabaya zaidi kwa jambo hili. Iko kwenye kisiwa, pale mto Liard unapoingia Mackenzie. Liard unatoka milima ya Yukon na British Columbia, huleta karibu robo ya maji yote ya Mackenzie, na huvunjika mapema kwa sababu ni mto wa mlima wenye mteremko na theluji nyingi. Mackenzie juu ya makutano hayo ni mto wa ziwa: maji yake ni baridi, kimo chake hakibadiliki haraka, na barafu yake hubaki imara. Liard unapofika umebeba vipande vya barafu na kuvisukumiza kwenye barafu hiyo nzima, maji hayana pa kwenda isipokuwa pembeni na nyuma. Mei 2021 maji hayo ya nyuma yalifika hadi kijiji cha Jean Marie River, ambacho kiko juu ya makutano, upande wa ziwani. Msomaji anayedhani mafuriko hushuka tu hataelewa kijiji cha juu kiliingiwaje na maji. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mji wa Hay River: huo nao uko kwenye mdomo wa mto unaotoka kusini, na barafu ya Ziwa Great Slave mbele yake hukawia kuondoka.

Basi joto linaingia wapi? Linaingia kwa njia mbili zinazovutana. Masika ya polepole, yenye jua la siku nyingi, huozesha barafu mahali ilipo. Inakuwa nyeusi, inajaa vijitundu vya wima, na inavunjika bila fujo hata kama maji ni mengi. Masika yanayochelewa kisha yakaja kwa ghafla, theluji nyingi ikayeyuka kwa siku chache kabla barafu haijaoza, ndiyo yanayoleta maafa. Ndiyo maana barafu nyembamba haina maana ya mafuriko zaidi, wala baridi kali haina maana ya usalama. Wanaofuatilia hatari hutazama vitu vitatu kwa pamoja: theluji iliyolala milimani kwenye bonde la Liard, unene na uimara wa barafu chini ya makutano, na kasi ya kupanda kwa joto wiki ya mwisho ya Aprili. Kimoja peke yake hakitoshi.

Mchanganyiko huo wa mito miwili unaonekana hata kwa macho. Kutoka Fort Simpson kwenda chini, ukingo wa kushoto ni kahawia kwa matope ya Liard na ukingo wa kulia ni maji safi ya ziwani, na rangi hizo husafiri sambamba kwa mamia ya kilomita kabla ya kuchanganyika kabisa. Anayechota sampuli upande mmoja tu anapima mto mmoja kati ya miwili. Kipimo cha haki kinataka kuvuka mto mzima, kuchota kwa vituo kadhaa na kwa vina tofauti, kwa kuwa mchanga husafiri karibu na sakafu na tope laini hukaa juu. Matope ya mito Peace na Athabasca hayafiki huku kabisa, au hufika kidogo mno: mto Slave huyatua kwenye delta yake ndani ya Great Slave. Mackenzie hupeleka baharini mashapo mengi kuliko mto mwingine wowote unaoingia Aktiki, zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka zikifika kwenye delta, na karibu yote yanatoka Liard, Arctic Red, Peel na mito mingine ya magharibi.

Huko Peel kuna jambo ambalo makala ililiita maporomoko ya ardhi na kuliacha hapo. Maporomoko ya kawaida hutokea, yakatulia. Haya hayatulii. Uwanda wa juu wa Peel, magharibi mwa Fort McPherson, umefunikwa na udongo wa mawe ulioachwa na barafu ya Laurentide, na ndani yake mna matabaka mazito ya barafu iliyozikwa toka wakati huo. Kijito kikila ukingo, au mvua ikiufungua, barafu inabaki wazi kama ukuta. Kila kiangazi ukuta huyeyuka, udongo uliokuwa umeshikwa nayo hudondoka na kugeuka uji, na ukuta unarudi nyuma mita kadhaa kwa mwaka, kuta nyingine zaidi ya mita 10. Ukuta wenyewe unaweza kuwa na kimo cha mita 20 na zaidi.

Kinachoamua kama jeraha hilo litapona ni uji ulio chini yake. Ukirundikana, unaufunika ukuta, barafu inapata blanketi na kazi inasimama; mimea huota ndani ya miaka michache. Uji ukiendelea kuondoka, ukuta unabaki wazi na unaendelea kurudi. Mvua ndiyo inayouondoa. Kiangazi chenye mvua nyingi huulainisha uji, ukatiririka bondeni kama ulimi wa mamia ya mita, ukaziba kijito na kutengeneza ziwa dogo. Kwa hiyo hapa mvua ni mshtakiwa mkubwa sawa na joto, pengine kuliko joto. Mwaka 2015 ukuta wa namna hii ulikula kingo za ziwa dogo kwenye uwanda huo hadi ziwa likamwagika lote. Na udongo unaofunguliwa haukuwahi kuguswa na hewa kwa maelfu ya miaka: una madini ya salfaidi ambayo yakikutana na maji na oksijeni hutoa asidi ya salfa, nayo huyeyusha chokaa iliyomo na kutoa kaboni dayoksaidi. Hiyo ni kemia ya mwamba, haimo katika hesabu za kaboni ya mboji inayooza ambazo magazeti huzirudia.

Ardhi iliyoganda daima yenyewe haina unene mmoja. Kusini mwa bonde iko kwa madoa, hasa chini ya mboji. Kwenye rasi ya Tuktoyaktuk, pwani ya Bahari ya Beaufort, inafika mita mia kadhaa. Lakini ndani ya delta, ingawa ni kaskazini vilevile, ni nyembamba zaidi, kwa sababu mikondo na maziwa hubaki na joto mwaka mzima na ardhi ya delta ni mpya. Delta hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 13,000 na maziwa zaidi ya 40,000. Baadhi yameunganika na mto kiangazi chote. Mengine huunganika masika tu. Mengine yako juu na hupata maji ya mto pale tu barafu inapoziba mkondo na kuyainua. Haya ya mwisho yanahitaji mafuriko. Masika mapole ambayo mji huyashangilia yanayakausha maziwa hayo kidogo kidogo, na panya-maji wanaotegwa humo hupungua. Kule juu, delta ya Peace na Athabasca ilijifunza hilo baada ya bwawa la W.A.C. Bennett kwenye mto Peace kukamilika mwaka 1968: bwawa huzuia maji ya masika na kuyaachia majira ya baridi kwa ajili ya umeme. Zamani Peace ulipopanda kuliko Ziwa Athabasca, mikondo inayotoka ziwani ilirudi nyuma na kulijaza ziwa na vidimbwi vyake.

Vilima vya pingo vya Tuktoyaktuk, ambavyo makala ilivifananisha na volkeno ndogo, havina uhusiano wowote na moto. Ziwa likikauka, udongo wenye maji uliokuwa chini yake huanza kuganda kutoka pande zote. Maji yanayobanwa humo hayana pa kutokea, yanasukuma juu mahali palipo laini, yanaganda, na kilima kinainuka na kiini cha barafu safi. Ibyuk, mkubwa kuliko wote Kanada, una mita 49. Mwanajiografia J. Ross Mackay alilikausha kwa makusudi ziwa la Illisarvik mwaka 1978 ili kuona ardhi inavyoganda kuanzia siku ya kwanza. Majaribio ya namna hiyo ni machache mno duniani.

Kuhusu madini nitapita haraka. Mafuta ya Norman Wells, yaliyopatikana mwaka 1920, yamo ndani ya tumbawe la kale la Devoni, na kwa kuwa sehemu kubwa ya hifadhi iko chini ya mto, visiwa sita vya kutengeneza vilijengwa katikati ya maji miaka ya 1980. Risasi na zinki ya Pine Point ilikuwa kwenye ukanda mwingine wa matumbawe ya enzi hiyo. Dhahabu ya Yellowknife ni ya Ngao, na mgodi wa Giant uliofungwa mwaka 2004 umeacha chini ya ardhi tani 237,000 za vumbi la aseniki ambalo sasa hugandishwa ili maji yasiliguse. Mchanga wa lami wa Athabasca ni wa Kretasia, umekalia chokaa ya Devoni, na mto wenyewe umeukata hadi lami inachuruzika kingoni bila kuchimbwa na mtu.

Sahihisho moja la ramani limebaki. Migodi ya almasi ya Ekati na Diavik mliichora ndani ya bonde la Mackenzie. Iko Lac de Gras, ambako maji huingia mto Coppermine na kwenda baharini kwa njia yake. Migodi ya almasi iliyo ndani ya bonde la Mackenzie ni Snap Lake, uliofungwa, na Gahcho Kué. Maji ya huko hufuata mto Lockhart hadi mkono wa mashariki wa Great Slave.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa jiografia